Shati Ambalo Mama Povu Hakulifua

Mtaani walimwita Mama Povu, maana mikono yake ilishinda kwenye beseni la sabuni. Alifua nguo za majirani, na mdomo nao alikuwa nao. Akikuta kunguni kwenye mshono wa koti, alimwambia mwenyewe, "Kikulacho ki nguoni mwako, baba. Mimi nafua tu, siwindi."

Nguo moja tu hakuifua: shati la mwanawe wa pekee, aliyekuwa kinyozi. Askari walimpiga risasi akitoka kazini, kisha wakatangaza kwamba aliwavamia kwa kisu. Shati ambalo Mama Povu alikabidhiwa kwenye chumba cha maiti lilisema vingine. Tundu lilikuwa mgongoni, damu imeganda kulizunguka. Mtu hakuvamii huku amekupa mgongo.

Watu asiowajua walipoanza kubisha hodi wakiuliza amehifadhi nini, alilipeleka kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi cherehani. Ndiye aliyemshika mkono makaburini, ndiye aliyemsindikiza ofisi hadi ofisi wakizungushwa kama pia. Fundi alilifungia kabatini, chini ya vitambaa, akamwambia alale usingizi.

Hatimaye tume iliziita familia za waliouawa na askari, zisikilizwe. Fundi alimletea mfuko wenye shati mpaka mlangoni pa ukumbi. Mama Povu alipoufungua, pua ilitangulia kujua: sabuni. Shati lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na tundu limezibwa kwa uzi mwembamba, kazi safi.

"Nani kalifua?"

"Nimekusitiri, shemeji. Ungelitandaza na damu yote ile mbele za watu? Mtoto naye ana heshima yake."

"Na tundu je? Nalo lilikuwa linakosa heshima?"

Askari wa mlangoni, sare yake mpya ya kaki bado ina mikunjo, alimpungia fundi mkono. "Fundi wetu, za cherehani?"

Hapo Mama Povu akakumbuka marundo ya kaki aliyoyaona mezani kwa fundi, akiyadhani ni kaptula za wanafunzi.

Jina lake lilipoitwa, alisimama mbele ya tume na kuanza kuufumua ule uzi kwa meno. Tundu likafunguka, safi, halina hata doa. Mwenyekiti alilitazama kwa muda, akauliza kwa upole kama hakulitoboa mwenyewe.

"Muulizeni aliyelishona," Mama Povu alisema. "Yule pale. Shemeji, simama uwaambie uliziba nini."

Wazazi na wajane wote waligeuza shingo. Fundi alisimama. Alisema lilikuwa limechanika kidogo tu, labda kwenye msumari.

Mwenyekiti akamshukuru mama, akampa pole, akaita familia nyingine.

Nje fundi alimfuata mbio, akataka kumbebea mfuko kama alivyozoea, huku akieleza kwamba na yeye ana watoto, na wale watu hawaambiwi hapana. Mama Povu alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia. Kisha akamkunjua kiganja, akaweka humo kile kipande cha uzi, bado kimelowa mate.

"Chukua uzi wako," alimwambia. "Tundu ni langu."

Akashika njia peke yake, shati kifuani, mgongo wa shati wenye tundu ukiangalia nje.