Kompyuta ya Dada Ndani ya Kompyuta Yangu

Mimi nauza viatu vya mitumba. Kiatu kikija kimoja si kiatu, ni hasara, kwa hiyo kila kitu nakihesabu mara mbili: kushoto, kulia. Hapa nyumbani Migori mke wangu husema hata vijiko navihesabu hivyo. Ni kweli, na nina sababu, lakini hilo si la leo.

La leo ni kompyuta. Dada yangu mkubwa alikuwa na duka la kupiga chapa na kutoa nakala huko Kosele, na kompyuta ya duka hilo ndiyo iliyorekodi albamu ya kwaya yetu, zamani tulipokuwa na meno yote. Tulikuwa waimbaji wanane, wawili kwa kila sauti. Tulitundika magodoro kwenye kuta za chumba cha nyuma cha kanisa ili mwangwi usituharibie, tukasimama bega kwa bega, kila mtu na maikrofoni yake. Dada alikuwa sauti ya kwanza, na ndiye aliyeongoza. Mimi nilisimama kulia kwake, sauti ya nne, ile ya chini kabisa inayobeba wengine kama msingi wa nyumba. Kazi ya kuchanganya sauti dada aliifanya mwenyewe baadaye, mlango umefungwa, hataki mtu.

Mwaka jana madaktari walimtoa uvimbe kooni. Uvimbe ulitoka na sauti. Siku hizi dada hunong'ona tu, na ukitaka kumsikia lazima kwanza uzime redio. Na binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, Homa Bay. Tangu mtoto huyo akiwa wa kubebwa mgongoni, mama yake alimwahidi kwamba siku ya harusi atamwimbia wimbo wa tatu wa albamu ile, kwa sababu ndio aliombembeleza nao.

Jumatatu ya wiki hiyo dada alifika kwangu, kompyuta ya duka ikiwa ndani ya gunia la mahindi.

"Imekufa," akanong'ona. "Lakini sauti yangu imo ndani. Nitolee, owadwa, ndugu yangu. Nitolee ikiwa peke yake. Sauti zingine kwaya ya kanisa itaimba."

"Si CD ipo?"

"Kwenye CD mnanifunika."

Tukaenda kwa fundi wa kompyuta hapa mjini. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akasema kompyuta imekufa lakini diski yake iko hai. Tatizo ni ile programu ya muziki. Ni ya zamani mno. Ukiiweka kwenye kompyuta ya leo inakataa kuamka. Dawa yake, alisema, ni kuinakili diski nzima iwe faili moja, halafu ndani ya kompyuta yangu ya nyumbani kuweka mashine pepe. Hiyo ni kompyuta nyingine ambayo haipo, lakini inajiona ipo. Ukiipa diski ya dada itafikiri bado iko Kosele.

"Kompyuta ambayo haipo," nikasema. "Lakini bei yake ipo."

"Bei ni ya kazi, mzee. Programu yenyewe ni ya bure."

Hapo nilishtuka kwa mara ya kwanza. Katika soko letu kitu cha bure ama kimeibwa ama kimetoboka. Nikamwambia fundi anakili diski tu, hayo mengine nitafanya mimi. Nilipunguza bei mpaka kazi nayo ikapungua.

Kesho yake mchana tukakaa watatu, mimi, dada na mke wangu, mbele ya kompyuta yangu, ile niliyowanunulia watoto kwa masomo na ambayo watoto huangalizia katuni. Programu ikala bando yote ya intaneti, ikaingia, ikajiweka yenyewe bila maneno. Nikaanza kujisifu. Nilipobonyeza ianze, ikaniambia kompyuta yangu imefungwa, hairuhusu kompyuta nyingine kuingia ndani yake.

Nikampigia fundi. Akaniambia niizime, niiwashe nikiwa nimekandamiza kitufe, niingie kwenye ile skrini inayokuja kabla kompyuta haijaamka vizuri, humo kuna swichi. "Zingine hutoka kiwandani zikiwa zimefungwa," akasema. "Wengi hawajui."

Nilikuwa nimeinunua kompyuta hiyo baada ya kuigeuza juu na chini mara mbili mbele ya muuzaji. Miaka yote hiyo nimeishi na chumba kizima ndani yake, kimefungwa, na ufunguo uko mlangoni. Nikaizunguka mara mbili, kushoto, kulia. Mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Tukafungua. Sasa mashine ikauliza niipe memori kiasi gani, na pembeni ikapendekeza giga mbili. Kompyuta yangu yote ina nne. Mimi bei ya kwanza silipi.

"Nusu giga," nikasema, nikaandika.

"Imesema mbili," dada akanong'ona.

"Imesema ili nikatae. Itarudi na bei nyingine."

Haikurudi. Iliganda, skrini nyeusi, kistari kimoja cheupe kikipepesa kama jicho la mdeni. Nikaiongeza, tukutane katikati. Safari hii ikaamka nusu, ikaguna, ikalala tena. Nimekutana na wanunuzi wagumu kule Masara, watu ambao mchana kutwa wanabishania chembe ya dhahabu, lakini hata hao hujibu. Hii haikujibu chochote. Nikaipa giga zake mbili. Mke wangu akasema afadhali siku moja nimepata mwenzangu.

Ndipo, katikati ya skrini yangu, skrini nyingine ndogo ikawaka. Picha ya kwaya ikatokea, sisi wanane na mashati meupe, na juu yake faili za duka zimepangwa safu safu. Dada akashika mkono wa mke wangu.

"Wifi, ni dukani kwangu," akanong'ona. "Angalia. Hata mitihani ya shule ya msingi bado ipo."

Kisha akachukua kipanya, na tangu hapo mimi nikawa mwenye meza tu. Alijua kila kitu kilipo. Akafungua ule wimbo wa tatu. Mistari minane ikajipanga, mmoja kwa kila maikrofoni, ikiwa na alama zake: 1A, 1B, mpaka 4B. Akaucheza. Mistari ikarukaruka kwa sauti zetu.

Nikahesabu inayoruka. Saba. Nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Saba. Ule wa mwisho, 4B, ulikuwa umefifia, umetulia kama kaburi.

"Huu umeharibika?"

"Haujaharibika," akasema dada.

"Mbona hautoi sauti?"

Dada akamwangalia mke wangu. Mke wangu akasema amekumbuka sufuria jikoni, lakini hakwenda.

"4A ni yule mzee wa kanisa," dada akanong'ona.

"Na 4B?"

"Wewe ulisimama naye, hukujijua?"

Nilirudi nyuma na kiti changu. CD hiyo niliwahi kuwagawia wachimbaji wa Masara kama nyongeza, ukinunua buti mbili. Nilikuwa nawasimamisha juani: sikiliza hapo chini, hiyo sauti nzito, ndiye mimi. Mmoja aliniomba nikaimbe kwenye mazishi ya mama yake. Nikaenda, nikaimba. Sasa ndipo nikauelewa uso alionitazama nao siku ile.

"Kwa nini ulininyamazisha?"

"Ulikuwa unawahi. Kila mstari unaingia kabla yetu, kama mtu anayeogopa bidhaa zitaisha."

Mabega ya mke wangu yalikuwa yanatikisika.

"Na wewe ulijua?"

"Wifi aliniambia kabla hatujaoana," akasema. "Alitaka nisije kusema sikuonywa."

Nikasema basi, tutafute sauti iliyotuleta.

Dada akaanza kunyamazisha mistari mmoja baada ya mwingine. Wa mzee wa kanisa ukawa wa mwisho. Ukabaki 1A peke yake. Akaweka kiganja kooni, akabonyeza.

Kwanza ilisikika pumzi. Mtu akivuta pumzi katika chumba chenye magodoro. Halafu sauti ikatoka kwenye spika za katuni, kubwa, safi, ya mwanamke mdogo kuliko binti anayeolewa. Mke wangu akaacha kucheka. Nilikuwa nimesimama begani pa sauti ile miaka mingi na sikuwahi kuisikia, kwa sababu nilikuwa najisikiliza mimi. Midomo ya dada ilikuwa inafuata maneno. Shingo yake ilikazana, ikajaribu, na hakikutoka kitu.

Kwenye ubeti wa pili kukawa na kitu chini ya sauti yake. Kidogo, kizito, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Kikaingia kwenye mstari kabla yake.

Nilijua kabla hawajajua.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Tukasikiliza mara mbili. Nilikuwa nimesimama karibu mno na maikrofoni yake. Mlango wangu alikuwa ameufunga, mimi nikapitia dirishani kwake.

"Nitoe," nikamwambia, na sikuwa natania. "Ni siku ya mtoto."

Akajaribu. Akapunguza sauti za chini. Mimi nikapungua, lakini na yeye akawa kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Akazirudisha. Akajaribu kukata pale ninapoingia. Pakatoka na neno lake. Akarudisha. Mwishowe akafumba macho, akausikiliza wimbo wote hadi mwisho, nami nikiwa humo, nikiwahi.

"Hutoki bila mimi kuharibika," akanong'ona. "Wacha wimbo uende hivyo hivyo."

Nikakohoa. "Jumamosi nilikuwa nimepanga kusimama na sauti ya nne."

"Hapana. Uko ndani tayari. Ukiimba mtakuwa wawili, na nyote mnawahi."

"Ubeti wa mwisho tu."

Akatikisa kichwa.

"Kiitikio cha mwisho. Nusu."

Akaunakili mstari wake kwenye flashi, akazima mashine pepe, kisha akaizima na kompyuta yangu.

Jumamosi, Homa Bay, kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Kwaya ilisimama, spika ikavuta ile pumzi, na sauti ikatoka. Bibi harusi aligeuka kumtafuta mama yake. Akamwona ameketi safu ya mbele, mdomo umefungwa, kiganja kooni, akimtazama. Akamtazama hivyo hivyo wimbo wote, hata mchungaji akaacha kumhimiza ageuke.

Kwenye ubeti wa pili nikajisikia nikiingia, kabla ya wakati. Mzee mmoja wa sauti ya nne, anayenijua tangu kwaya yetu ya zamani, akageuka kwa ukali, akatembeza macho kwenye viti mpaka akanipata.

Nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole. Umefungwa.