Kikombe cha Bata na Jina la Wifi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, majirani wanamwita Kibodi, maana kutwa anagonga vitufe. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kazi yake naijua. Ananisimulia nikiwa nanyonyesha.

Alikuwa anaandika programu ya maabara ya zahanati. Alibuni kiolezo kimoja cha majibu: namba ya mgonjwa, tarehe, na jibu lenyewe. Aina ya jibu aliiacha wazi. Ukikitumia kwa kipimo cha damu, unaandika mwanzoni kwamba humu ni namba; kwa cha choo, kwamba humu ni maneno. Ukishaandika halafu uchanganye, kompyuta inagoma palepale, kabla kosa halijamfikia mgonjwa.

"Kiolezo kimoja, wifi, ila kila kipimo na chake," aliniambia, uso umemng'aa kama aliyejifungua salama.

Mchana mmoja bosi wake akaja nyumbani. Zahanati ilitaka kazi kesho yake, na vipimo viwili vipya vilikuwa bado havijaandikiwa aina, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inagoma. Bosi akavuta kiti, akafuta aina zote, kila mahali akaandika "chochote".

"Umeona? Imepita."

"Imenyamaza tu, bosi. Neno la choo likiingia penye namba ya damu, nani atajua?"

"Acha maringo, dada. Jina lako la kuthibitisha kazi liache hapo tukabidhi, la sivyo katafute kazi kwingine."

Huku anasema, anakung'utia majivu ya sigara kwenye kikombe cha mwanangu, chenye picha ya bata. Kisahani cha majivu kiko hapo hapo, kwenye kiwiko chake! Akatemea na kohozi humo. Nikamsogezea kisahani.

"Kaka, hicho cha mtoto."

Akakichungulia. "Si kikombe tu? Utaosha."

Wifi akakitazama kikombe, akanitazama na mimi. Kisha akalifuta jina lake kwenye kioo cha kompyuta.

"Weka la kwako, bosi."

Bosi akanyoosha kidole juu ya vitufe. Kikabaki hewani. Akautia mkono mfukoni.

"Haya, rudisha hayo madude yako. Upesi!"

Kazi ilichelewa siku moja, ikaenda na jina la wifi. Kikombe nilikichemsha mara mbili, nikakinusa, nikakitupa. Siku hizi bosi akija, maji nampa kwenye kopo tupu la rangi ya ukuta. Hajawahi kuuliza. Anakunywa tu.