Makaa Mawili ya Mama Kemunto

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, moto wa jikoni kwetu haukuzimwa kamwe. Usiku Mama aliufunika kwa majivu, na asubuhi majirani walikuja na makopo yao kuchukua makaa. Tuliishi Bomet, mahali ambapo majani chai ya Baba yalipakana na vyumba vya kupanga vya wachumaji waliotoka Kisii.

Mama hakujua kukataa. Chumvi, jembe, maziwa ya mtoto wa mtu, vyote vilitoka. Kogo, mama yake Baba, alikuwa akimcheka. "Huyu, kama mbavu zingekuwa zinatoka, angekuwa amebaki na mgongo tu." Mama naye alicheka, huku akimmiminia mtu maziwa.

Jambo moja Kogo hakulifanyia mzaha. Nyumba ikiwa na mtoto mchanga, moto hautoki mpaka nywele zake za kwanza zinyolewe. Ukitoka, alisema, unaondoka na joto la mtoto. Sijui kama maboma mengine ya Wakipsigis yaliushika mwiko huo. Letu liliushika. Ndugu yangu Kiprop alipozaliwa, katikati ya mvua kama jina lake linavyosema, Mama alianza kuwarudisha watu na makopo matupu. Kila alipomrudisha mtu, alibaki mlangoni akimtazama hadi apotee kwenye majani chai.

Watu wa nyumbani husema moto ulitoka Jumamosi. Si kweli. Ilikuwa Alhamisi, kwa sababu lori la majani lilikuja kituoni Alhamisi, na mimi sikuenda shule ili nimshike mtoto. Alikuwa anakohoa tangu Jumanne. Mama alikuwa kwenye foleni ya mizani. Kogo alikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya zizi.

Mama Kemunto, jirani yetu mchumaji, alisimama mlangoni akiwa ameloa.

"Chebet, mama yako ako?"

"Ameenda kupima majani."

"Nisaidie kaa moja tu. Kiberiti imenyeshewa yote, na Kemunto anatetemeka tangu asubuhi. Hata uji sijapika."

"Kogo alisema moto hautoki."

Angebishana nami, ningekataa. Hakubishana. "Basi, haidhuru," alisema, akageuka, akilifunika kwa leso lile kopo lisilo na kitu. Nikajiuliza Mama angefanya nini. Hapo ndipo nilipokosea: nilimfikiria Mama wa siku zote, nikamsahau Mama wa mwezi ule. Nilimwita arudi. Nikampa makaa mawili, si moja, kwa sababu Mama hakuwahi kutoa moja.

Jioni nilimwambia Mama. Hakunigombeza. Alimvuta Kiprop kifuani, akaongeza blanketi, na kabla hakujakucha akatoka naye kwenda zahanati. Nesi alisema ni mapafu. Kiprop alikufa Jumamosi, kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Labda ndiyo sababu watu huzichanganya siku hizo mbili.

Baada ya kumzika, Kogo alikuja jikoni, akasimama bila kuketi.

"Alhamisi mchana nyumba ya yule Mkisii haikuwa na moshi," alisema. "Jioni ilikuwa nao. Nani alitoa moto?"

Baba alitazama chini. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama aliweka mkono kichwani pangu, kana kwamba ananirekebishia kitambaa, akaukandamiza.

"Ni mimi, Kogo."

"Wewe? Na nilikukanya?"

"Ni mimi. Nilimhurumia."

"Basi umempa mtu mtoto wako."

 Mkono wa Mama haukuondoka kichwani pangu. 

Tangu siku ile Kogo hakupokea maziwa ya kibuyu kutoka mkononi mwa Mama. Mama aliyatayarisha, akasugua kibuyu kwa mkaa kama ipasavyo, akamimina, kisha akanipa mimi nipeleke. Nilivuka zizi na kikombe kile kwa miaka kumi na mmoja. Kogo alinipokea kwa mikono miwili. "Asante, mtoto mwema," alisema kila mara. Sijawahi kusikia maneno mazito zaidi ya hayo.

Moto wa jikoni haukutoka tena kwetu, hata mwaka ambao hapakuwa na mtoto mchanga. Lakini dirishani Mama aliweka kiberiti cha pili, amekikunja kwenye karatasi ya nailoni. Chetu kilikaa juu ya rafu. Kile cha dirishani kilikuwa cha kutoa.

Kogo alikufa nikiwa bado sijasema. Mama alipougua nilijaribu, nikiwa nimemshikilia kikombe cha uji.

"Mama, ule moto..."

"Ulijifunza kwa nani kutoa?"

"Kwako."

"Basi ni mimi niliyeutoa. Lete uji, unapoa."

Kwenye mazishi ya Mama, Kemunto, yule mtoto aliyekuwa akitetemeka, alikuja na watoto wake watatu. Alilia kuliko wengi wetu. Hajui lolote, na sitaki ajue. Siamini kwamba kaa lilimuua Kiprop. Alikuwa anakohoa tangu Jumanne. Hilo najiambia mchana. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, siwezi kulisema kwa sauti.

Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayetunza majina, miaka, na nani alimzaa nani. Wapwa wangu wakikosea siku, nawasahihisha. Lakini wakisimulia habari za bibi yao aliyetoa moto kwa huruma akapoteza mtoto, mimi hunyamaza, nao huendelea.

Naandika hapa kile nilichopaswa kusema jikoni. Alhamisi ile Mama alikuwa amesimama kwenye foleni ya mizani, kikapu mgongoni, akinyeshewa. Hakutoa moto. Niliutoa mimi.