Mchungaji Asiyeruhusiwa Kukonda

Siku Fereti alipoletwa Vaisami kuwa mchungaji, wanawake wa kijiji walimwonea huruma. Alikuwa kijana mrefu, mbavu nje nje, ametoka chuo cha theolojia ambako sifa zake zilikuwa za mbio kwenye uwanja wa raga zaidi ya kuhubiri. Mkewe Mataina, aliyekuja nyuma yake na mtoto mgongoni, alimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu tumeletewa mchungaji au fimbo ya mchungaji?"

"Usijali," mwenzake akajibu. "Tutamnenepesha."

Wakamnenepesha kweli. Upande ule wa kusini wa Savaii, kisiwa cha Samoa, watu hawana mzaha na mchungaji wao. Nyumba wamemjengea wao, gari wamemnunulia wao, na kila ukoo una siku yake ya kumpikia. Jumapili, ibada ikiisha, wazee wa kanisa humfuata nyumbani na vyakula vilivyotolewa kwenye tanuri la mawe alfajiri: nguruwe mzima, magimbi, mashelisheli, majani ya magimbi yaliyofungwa na tui zito la nazi, nyama ya kopo, mikia ya bata mzinga. Mezani hakuna anayegusa kitu kabla ya mchungaji. Na mchungaji akiweka kijiko chini, wazee wote nao huweka vyao, hata aliye na njaa. Fereti hakutaka mzee yeyote aondoke hajashiba, kwa hiyo alijifunza kula polepole na kula muda mrefu.

Miaka ya kwanza Mataina alijivunia. Mume alijaa, akapata shingo, akapata kitambi cha heshima, sauti ikawa nzito mimbarani. Joho jeupe alilishona upya, kisha akalishona upya tena. Kisha ikaja kiu. Fereti akawa anamaliza jagi la maji na kuomba jingine, na kidole chake cha mguu kilichojikwaa kwenye ngazi ya kanisa kikakataa kupona. Pelenise, muuguzi wa zahanati ya wilaya, alimchoma kidole cha mkono, akaangalia kimashine chake.

"Baba Mchungaji, hii si sukari, hii ni duka la sukari," akasema. "Ukiendelea kula hivi nitakuzika mimi. Na mimi sitaki kuimba kwenye mazishi yako, sauti yangu mbaya."

Mwaka huo huo kanisa lilizika wachungaji kadhaa ambao hawakuwa wazee. Kwenye mkutano mkuu, kisiwa jirani cha Upolu, viongozi wakaamua kila mchungaji apimwe uzito. Mizani iliwekwa nyuma ya pazia, na foleni ya wanaume wanene waliovaa meupe ikazunguka ukumbi wote, watu wakitaniana kama vijana. "Ngoja kwanza nitoe Biblia mfukoni!" "Wewe toa hata dhambi, mshale hautarudi!" Fereti alipotoka nyuma ya pazia hakucheka. Alimwambia mkewe kwenye feri, wakirudi, "Mama, nataka kuwaona wajukuu wangu. Nisaidie."

Mataina alisaidia kwa moyo wote. Kulipopambazuka waliamka wote wawili, wakaanza kutembea barabara ya pwani, yeye mbele na mume nyuma akihema. Hawakufika mbali. Pikapu ilisimama kando yao, na Mzee Ulugia, kiongozi wa wazee wa kanisa, akatoa kichwa dirishani.

"Baba Mchungaji! Gari limeharibika?"

"Hapana mzee, nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Panda, panda."

"Natembea tu, mzee wangu."

"Utembee, halafu jirani zetu wa kijiji cha Salemoa wakuone? Watasema Vaisami tumeshindwa kumjazia mchungaji mafuta." Alishuka, akafungua mlango, akasimama pale akiwa ameushika. Alikuwa mzee sana, na umande ulikuwa unamlowesha miguu. Fereti akapanda. Kesho yake wakapita njia ya shambani, wakakuta vijana wawili wametumwa wawasubiri na gari.

Basi wakaamua kupunguza chakula. Fereti aliwaeleza wazee kuhusu sukari, wakaitikia kwa heshima, wakasikitika, na Jumapili iliyofuata wakaleta nguruwe mkubwa zaidi ili apate nguvu ya kupambana na ugonjwa. Alikula kipande cha samaki na gimbi moja, akaweka kijiko chini. Wazee wakaweka vyao. Nguruwe akabaki anawatazama. Ikawa hivyo Jumapili baada ya Jumapili, na siku za kazi masufuria yakarudi kwa wenyewe yakiwa hayajapungua. Mataina alipokuwa akiyarudisha alijitahidi kutabasamu, lakini kwenye kila mlango aliona uso wa mama mwenye nyumba ukibadilika. Kwenye duka walianza kunyamaza akiingia.

Fereti alianza kupungua. Mshipi wa msuli wake ulirudi tundu moja nyuma. Kidonda kilianza kukauka pembeni. Mataina akaruhusu moyo wake kutumaini.

Asubuhi moja ya manyunyu alifungua mlango wa mbele. Kwenye majani mbele ya nyumba walikuwa wameketi wazee wote wa kanisa, vichwa chini, kimya. Mbele yao kabisa alikuwa mtu aliyefunikwa mwili mzima na mkeka ule mwembamba wa ukoo, unaosukwa kwa miaka na kutunzwa kuliko dhahabu. Mvua ilikuwa inaulowesha. Kila mtu Samoa anajua maana yake. Hivyo ndivyo unavyokaa ukoo uliomwaga damu, mbele ya nyumba ya waliofiwa, ukingoja kusamehewa au kuuawa.

"Fereti," akaita. "Fereti, njoo."

Fereti alitoka pekupeku, akichechemea. Aliinama kwa shida, akauinua mkeka. Chini yake alikuwa Mzee Ulugia, machozi yanamtiririka kwenye makunyanzi.

"Tumekukosea nini, Baba Mchungaji?"

"Hamjanikosea, mzee wangu. Simama. Simama tafadhali."

"Sisimami. Tuambie. Chakula chetu kinarudi. Nguruwe wetu hawafai? Mikono ya wake zetu ni michafu? Salemoa wanasema unafunga kwa ajili ya dhambi ya kijiji chetu. Mwanangu amenipigia simu kutoka Auckland ananiuliza, baba, mmefanya nini huko?"

"Ni sukari, mzee. Niliwaambia. Ni ugonjwa tu."

"Baba yangu alikuwa na sukari, alikula mpaka mwisho, na tulimzika kwa heshima," akasema Ulugia. "Mimi nimeona wachungaji watatu katika kijiji hiki. Sijawahi kuona mchungaji akikondea mikononi mwetu. Kama umetuchoka, sema, tutakusindikiza kwa wema. Lakini usituaibishe hivi."

Fereti alimgeukia mkewe. Mataina alifahamu anaulizwa nini. Angesema nini mbele ya wazee waliolowa mvua kwa ajili ya mumewe? Walikuwa wanampenda. Hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Wangekuwa maadui angewafukuza.

"Mama," Fereti akasema taratibu, "tandika mikeka. Wazee waingie tule."

Chakula kilikuwa tayari. Wake zao walikuwa wamekaa nyuma ya kanisa na vikapu. Fereti alikula. Alikula ngozi ya nguruwe iliyokaangika, akala majani ya tui, akaomba kuongezwa, na kila alipoomba wazee walipiga makofi na kulia kwa furaha. Mataina alipakua.

Baada ya hapo Fereti hakuanza tena. Mataina alipomgusia alisema, "Nilimwinua mzee kutoka kwenye matope, Mataina. Sitamrudisha." Kidonda kikafunguka, kikawa cheusi, harufu ikaanza kuwafikia waumini wa viti vya mbele, nao kwa adabu wakawa wanaketi pale pale. Pelenise alipokiona hakutania. Alipiga simu hospitali kuu ya Apia, ng'ambo kule Upolu.

Kwenye feri, mume akiwa amelala kwenye machela, Mataina alijikuta anawaza jambo ambalo hakulipenda. Nyumba si yao. Mchungaji akifa, kijiji humpa mjane siku za kuomboleza, humpa mikeka na machozi, kisha huita mchungaji mwingine. Ujana wake wote alikuwa ameuweka katika nyumba ile, na hakuwa na pa kwenda. Aliona aibu kuwaza hivyo. Akashika mkono wa Fereti, nao ulikuwa moto.

Walimkata mguu chini ya goti.

Wakati anapona, Mataina alirudi kijijini siku moja kuchukua nguo, akaomba wanawake wakutane. Alisimama mbele yao bila kujiandaa. "Mama zangu," akasema, "mguu wa mume wangu umeliwa mezani kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa napakua. Ninawaomba, kwa jina la Bwana, mniletee samaki na papai tu. Nisaidieni asife." Bi Salilo, mwenyekiti wao, alilia akamkumbatia. Wote walilia. Waliapa.

Na walishika kiapo chao. Fereti aliporudi, kijiji kilikuwa kimejenga njia ya zege kwa ajili ya kiti chake cha magurudumu, na mezani kulikuwa na samaki wa kuchoma, papai, maboga. Mataina alikuwa hajaona furaha kama ile kwa muda mrefu. Kisha ukoo mmoja ukaongeza sufuria ya nyama ya kopo, "ya wageni tu, Mama Mchungaji." Ukoo uliofuata, usionekane mchoyo, ukaongeza nguruwe mdogo, "wa watoto." Bi Salilo mwenyewe alileta mikia ya bata mzinga, akashindwa kumtazama machoni. "Wengine wameleta, Mama," akasema chini chini. "Mimi mwenyekiti nije na papai?" Ilipofika Oktoba, Jumapili ya watoto, meza ilikuwa kama zamani.

Mataina angeweza kuwachukia. Lakini siku ile kulikuwa na mgeni, Mchungaji Simi kutoka Upolu, mtu mnene anayehema hata akiwa amekaa, aliyekuja kumtazama rafiki yake. Mataina alikuwa anapakua. Simi aliweka kiganja juu ya sahani na kusema, "Inatosha, dada, nami nina sukari." Na Mataina akacheka, akakiondoa kile kiganja pembeni, akamwongezea. "Kula bwana, utawaambia Upolu kwamba Vaisami kuna njaa?" Maneno yalimtoka yenyewe. Aliyasikia yakiwa yameshatoka. Simi alikuwa tayari anakula. Mataina aliweka mwiko chini, akaenda jikoni, akasimama hapo akitazama ukuta.

Mkutano mkuu ulipofika tena, walimsukuma Fereti kwenye kiti chake hadi nyuma ya pazia. Alitoka akiinua mikono kama aliyeshinda mechi.

"Ndugu zangu, nimepungua! Sharti lake dogo tu, uache mguu mmoja Apia!"

Ukumbi mzima ulivunjika kwa kicheko. Wanaume wanene walijipiga mapaja, wengine wakafuta machozi. Mataina alisimama nyuma ya kiti, ameshika vishikio, akingoja wamalize.

Fereti bado anahubiri Vaisami, akiwa ameketi. Watu wanasema mahubiri yake yamekuwa mazuri zaidi. Mguu uliobaki umeanza kufa ganzi. Kila jioni Mataina huuosha kwenye beseni na kupanguza katikati ya vidole, akitafuta mchubuko wowote, na akimbonyeza unyayo humuuliza, "Unasikia hapa?"

"Nasikia," Fereti hujibu, haraka mno.

"Na hapa?"

Jana alipouliza hivyo, kabla hajajibiwa, sauti ya mwanamke iliita kutoka kwenye njia ya zege, changamfu, yenye furaha ya mtu aliyepika tangu asubuhi. "Mama Mchungaji! Hodi! Tumeleta!"

Mataina aliuweka mguu wa mumewe juu ya taulo, akajifuta mikono, akaenda kupokea.