Askari wa Ghorofa ya Saba

Katika shule ya jioni niliyosoma huku Alexandria, jimbo la Virginia, Marekani, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na televisheni ya magurudumu. Kila Ijumaa aliisukuma mpaka mbele ya darasa na kutuwekea filamu za vichekesho za Hollywood, zile za zamani zisizo na rangi. Watu wanaporomoka ngazi, wanajificha kabatini, mke mmoja anajikuta mezani na waume wawili na kila mmoja anadai supu yake. Wenzangu walicheka mpaka madawati yakahama. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikaandika insha ya kurasa tatu kueleza kwamba mambo hayo hayawezekani, kwa sababu mtu mwenye akili timamu angesema ukweli dakika ya kwanza na filamu ingeishia hapo. Nilipata alama za juu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na mke, nilikuwa na kazi, na nilijiona nimeshaielewa dunia.

Wiki tatu baadaye mama mkwe wangu akaja kutoka Machakos.

Hapa lazima nieleze kidogo. Sisi Wakamba tuna kitu kinachoitwa nthoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, na anayevunja mwiko huo analipa mbuzi wa kujisafisha. Vijana wengi wameiacha, lakini mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakuwa mtu wa kuacha kitu. Nasi hatukuwa tumewahi kuonana hata kwa mbali, maana mimi na mke wangu tulikutana hukuhuku Virginia, tukafungishwa ndoa katika ofisi ya serikali kwa dakika kumi na moja, pamoja na muda wa kutafuta kalamu. Harusi ya kanisani ilikuwa inamngoja yeye. Alikuwa anakuja kuona binti yake anaishi na nani, na anaishije, kisha atoe neno. Mke wangu aliniambia wazi, huku anapiga pasi, bila hata kuinua macho: "Mama akisema ndiyo, tunakwenda kanisani. Akisema hapana, mimi narudi naye. Usije ukasema sikukwambia."

Kwa hiyo mimi kwenda kumpokea uwanja wa ndege ilikuwa haiwezekani. Karibu saa nzima garini na mama mkwe, na barabarani hakuna kichaka cha kuingia. Mke wangu alikuwa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nikamtuma rafiki yangu, Mtanzania wa Tanga, dereva wa ubalozi, mtu anayevaa suti hata akienda kutupa takataka. Yeye ndiye aliyekuwa shahidi siku ya ndoa yetu, na balaa lilianzia hapo. Picha pekee tuliyotuma Machakos ilimwonyesha mke wangu amesimama na shahidi, wote wanatabasamu. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeinama nafunga kamba za kiatu. Nililalamika. Mke wangu akasema ndiyo picha aliyotoka vizuri, na kesi ikafungwa.

Basi mama alipotoka na masanduku yake pale uwanja wa Dulles, akamwona mwanamume wa kwenye picha, akafanya kama alivyolelewa. Akajifunika leso usoni, akageuka upande, akaingia kiti cha nyuma. Rafiki yangu aliniambia baadaye, "Ndugu yangu, nimempa shikamoo mara saba. Nikajua mama wa watu ni bubu."

Mpango wangu ulikuwa kurudi nyumbani jioni na kumsalimu kupitia mlango uliofungwa, kama mtu mwenye adabu. Lakini ndege ilichelewa, na mimi nilitoka kazini mapema. Nilikuwa napaki magari ya wageni katika hoteli moja, na sare yetu ilikuwa koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu, na kofia ambayo jenerali angeiomba. Nikaingia jengo letu nikawakuta chini. Lifti mbovu. Mama amekaa juu ya sanduku, miguu imevimba kwa safari. Rafiki yangu yuko mbali anatazama ukuta, kwa sababu kila akisogea, mama anamfukuza kwa mkono. Mama akainua macho. Akaiona kofia, akaviona vifungo, akaufunua uso wote.

"Askari," akasema, "Mungu ni mwema. Njoo, baba, nishike mkono. Huyu hawezi kunisaidia, ni mkwe wangu."

Ningesema nini? Uso nilikuwa nimeshauona, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya wangu. Kumwambia "mkwe ni mimi" dakika ile ilikuwa sawa na kumvua nguo mbele ya watu. Nikajiambia nitasema tukifika juu. Nyumba yetu iko ghorofa ya saba. Tulipofika ya tatu alikuwa ameegemea bega langu. Ya nne, mkono uko shingoni. Kuanzia ya tano nilimbeba mgongoni, na huko mgongoni akanisimulia maisha yake yote tangu enzi za mkoloni, bila kuruka mwaka. Aliponiuliza kwetu ni wapi, nikasema Nakuru, mji wa watu wa kila namna, nisije nikaulizwa ukoo.

Mke wangu alirudi kazini akatukuta jikoni, mimi na rafiki yangu, tunanong'ona. Mama alikuwa amelala. Tukamweleza.

"Umembeba mama yangu mgongoni."

"Ghorofa mbili tu."

"Mgongoni."

"Alikuwa ameshaniita baba, ningemwacha kwenye ngazi?"

Akakaa juu ya gunia la mchele. "Hilo halina mbuzi wa kulisafisha," akasema. "Akijua leo, kesho yuko kwenye ndege na mimi nimekaa ubavuni mwake. Wewe ni askari wa mlangoni. Baki askari mpaka nipate njia."

"Na mume atakuwa nani?"

Akamtazama rafiki yangu, ambaye alikuwa anakunywa chai na suti yake.

"Mimi?" akasema yule. "Dada yangu, mimi nina mke kule Gaithersburg, na mkono wake unafika mpaka hapa."

"Kazi yenyewe ni kukohoa, shemeji. Unakuja jioni, unaingia chumbani, unakohoa mara mbili tatu ajue mwenye nyumba yupo, unaondoka."

Mila yenyewe ndiyo iliyotusaidia kudanganya. Mkwe asiyetazamwa anaweza kuwa mtu yeyote. Mimi nikahamia kwa mfanyakazi mwenzangu, na kila siku kabla ya darasa nikapita kumjulia hali mama, kama askari anavyopita. Alinipenda vibaya sana. Alinikaangia viazi, akanisahihishia hesabu za sehemu kwa kalamu nyekundu aliyokuja nayo kutoka Kenya, akaniambia kichwa ninacho ila nakiendesha mbiombio. Nawaambia, katika siku tatu nilijifunza hesabu kuliko katika miaka yangu yote duniani.

Jumatano akasukuma sahani kando.

"Askari, wewe unaona mengi pale mlangoni. Huyu mkwe wangu ni mtu wa namna gani?"

Niliiona nafasi yangu nikaishika kwa mikono miwili. "Mama, huyo ni mtu mkarimu, mchapakazi, na sura yake inapendeza mtu akishaizoea. Sijaona mwanamume anayempenda mkewe namna ile katika Virginia nzima, na hata tukiongeza Maryland."

"Mbona unamsifu kama amekuhonga?"

"Nasema ninachokiona."

"Mimi nasikia kikohozi tu. Kila jioni anakohoa, kisha anatoka. Mwanamume wa suti, kila jioni anakwenda wapi? Binti yangu anarudi amechoka kama punda, na chumbani mule sijasikia kicheko hata kimoja." Akanichagulia kiazi kikubwa kuliko vyote. "Nyumba isiyo na kicheko si nyumba. Jumapili nitamwambia afunge mizigo."

Nilikuwa nampoteza mke wangu huku nikilishwa na kusifiwa.

Alhamisi nilipanda zile ngazi nimeamua kusema kweli, heri lawama. Nilikuwa ndiyo kwanza nimevua kofia, rafiki yangu yuko chumbani anaandaa kikohozi, mlango ukagongwa. Mama akafungua. Aliyegonga alikuwa mke wa rafiki yangu, na mwavuli mkononi, wakati nje jua lilikuwa linapasua mawe. Rafiki yangu hakuwa amemweleza lolote, kwa kuogopa angecheka mpaka habari ifike mji wa Bowie. Sasa alikuwa ameelezwa na watu, nao walikuwa wameieleza wanavyojua wao.

"Hodi ndani," akasema. "Nimekuja kumchukua mume wangu."

Chumbani kukasikika kishindo. Rafiki yangu alikuwa ameitambua sauti, ameingia kabatini, na kile chuma cha kutundikia nguo kimeanguka naye.

"Mume wako ni nani, mama?" mama mkwe akauliza.

"Ni mimi," nikasema. Sijui nani aliyenisukuma ulimi. "Huyu ni mke wangu."

Yule mwanamke akanipima kutoka nywele mpaka viatu. "Toka lini?"

"Usikasirike, mke wangu," nikasema, nikamkonyeza kwa macho yote mawili. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, rafiki yangu akatokeza kichwa kilichovishwa gauni la mke wangu, akamwona mama, akakirudisha. Mama alikuwa ameshajifunika leso. Mke wa rafiki yangu akaliangalia gauni, akamwangalia mama, akaniangalia mimi, kisha akauweka mwavuli chini taratibu. Watu wa Tanga wanazaliwa wakiujua mchezo.

"Haya, mume wangu," akasema. "Lakini leo unapika wewe, na vyombo ni vyako."

Mama akafurahi kupita kiasi. Akamkalisha, akamshika mkono. "Mwanangu, umepata mume. Anafanya kazi, anasoma, anabeba watu. Sehemu bado zinamsumbua, lakini anajitahidi. Jumamosi anapewa cheti chake. Mimi na wewe na binti yangu tutakwenda kumpigia makofi."

"Sitakosa hata kwa dawa," akasema yule mwanamke, akinitazama kwa furaha mbaya.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Nilivaa joho la buluu, nikaingia kama mfalme anayekwenda kutawazwa, nikawaona mstari wa tatu: mke wangu hana raha, mke wa rafiki yangu anatafuna karanga, mama katikati na leso yake nzuri mabegani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo yote isipokuwa moja, nalo sikulikumbuka mpaka mwalimu alipofungua bahasha. Mwezi mmoja nyuma alituagiza kila mmoja aandike kadi ya shukrani, isomwe siku hiyo. Yangu niliiandika kabla ya kofia, kabla ya lifti, kabla ya yote.

Nikaitwa. Mwalimu akasoma kwa Kiingereza kilichonyooka, na mama alikifundisha Kiingereza hicho miaka thelathini. Nilimshukuru mke wangu, anayetoka zamu ya wazee na kuniuliza maswali ya mtihani huku amelala nusu. Tena nikamshukuru mama mkwe, atakayekuwa hapa kutoka Kenya, ambaye sitaruhusiwa kumtazama usoni, lakini nitajua yupo. Mwalimu akaufurahia sana mstari ule. Akaomba mke na mama mkwe wasimame.

Mke wa rafiki yangu aliendelea kutafuna karanga. Mke wangu akasimama, polepole, kama mtu anayetoka majini. Mama akamtazama yeye, akamtazama jirani yake aliyekaa, akanitazama mimi na cheti changu. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Naye akasimama, maana mwalimu akiitwa husimama, na hapohapo akaivuta leso kutoka mabegani akajifunika uso mzima. Watu wakadhani analia kwa furaha, wakazidisha makofi.

Njia nzima leso haikushuka usoni. Usiku ule nilirudi kulala kwa mwenzangu, na mke wangu hakunizuia.

Jumapili baada ya ibada niliitwa. Mama alikuwa jikoni nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, mimi sebuleni, mke wangu kwenye kiti katikati. Tulikuwa hatua mbili mbali.

"Muulize mume wako," sauti ikasema, "nani alikuwa anakohoa."

"Anauliza nani alikuwa anakohoa," mke wangu akasema.

"Mwambie ni rafiki yangu. Yule wa mwavuli ndiye mkewe."

"Mwambie hilo nimeshalijua, mimi si mtoto. Muulize kwa nini hakusema pale chini."

"Mwambie mwanzo niliogopa kumwaibisha," nikasema. "Halafu niliogopa kumpoteza binti yake. Halafu nikaogopa kumpoteza yeye mwenyewe, maana hakuna mtu aliyewahi kunikalisha akanifundisha namna ile."

Mke wangu hakuweza kulifikisha hilo. Alikuwa amekazana na pindo la gauni lake. Kisu kikasikika kinamenya kitu, kikasita, kikaendelea.

"Mwambie atafute mbuzi wawili Machakos, mmoja wa uso, mmoja wa mgongo. Na mchungaji apigiwe simu leo, nisije nikabadili nia."

Mke wangu akaanza kucheka, na nilipomwona nikacheka na mimi, kile kicheko cha kushika mbavu, mpaka jirani wa chini akagonga dari.

"Sijamaliza," sauti ikasema. "Mwambie yule askari alikuwa mtu mzuri. Sasa hatakuja tena, na mchana hapa ni mrefu."

Sijauona uso wake tena mpaka leo. Siku ya harusi alichagua kiti nyuma ya nguzo ya kanisa, kwa heshima yangu, na nilipomaliza kusema kwamba nakubali, kigelegele kirefu kuliko vyote kilitoka nyuma ya nguzo ile.