Jogoo Mmoja na Miezi Mitatu Mbele

Januari ya mwaka tisini na tano nilichaguliwa kuanza kidato cha kwanza Mpanda mjini, shule ya kutwa. Barua ilisema anayetoka nje ya mji afike Jumatatu akiwa na mahali pa kukaa panapojulikana, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Hiyo ndiyo sababu ya safari. Aibu zote zilizofuata zilitokana na mdomo wangu.

Baba alitaka kuuza mbuzi, mimi nikamzuia. "Baba, nipe hela ya chumba ya mwezi mmoja tu, elfu mbili, na jogoo. Mengine niachie." Nyie wa kijiji chetu cha Kasokola mnajua tulivyopata eneo hapa tuliposhuka na ng'ombe kutoka Usukumani: babu alimpelekea mwenyeji jogoo, mwenyeji akampokea, maneno yakaisha, tukalima. Nikajiona mwanadiplomasia.

Jumamosi alfajiri nikaondoka na baiskeli ya baba, jogoo nimemfunga miguu nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nusu ya njia baiskeli ilinibeba, nusu nyingine nikaibeba mimi, tope hadi magotini, jogoo ananitazama kama bosi aliyechukizwa na dereva.

Saa nne nikafika mjini, mtaa wa Makanyagio, kwa Mama Zuhura, mjane anayeuza sabuni na mafuta ya taa barazani kwake na kupangisha chumba. Alinionyesha chumba cha uani: dirisha moja, msumari mmoja ukutani. Nikampa jogoo kwa mikono miwili, nikapiga na goti kidogo.

"Ahsante, mwanangu! Nyie watoto wa vijijini mna adabu." Akamwita jirani aje amchinje.

Basi, kapokea! Nikatandika mkeka chumbani, nikatundika shati msumarini, nikafagia mpaka uani. Mchana nikaletewa wali na paja la jogoo wangu mwenyewe. Nikala kwa maringo, mpangaji kamili.

Saa nane Mama Zuhura akafuta mikono. "Haya, mpangaji, tumalize. Elfu mbili kwa mwezi, miezi mitatu mbele. Na kufuli unanunua mwenyewe."

"Miezi mitatu? Mama, lakini jogoo si umempokea?"

"Nimempokea, na nimeshukuru. Hata wewe umemla."

"Kwetu jogoo akipokelewa, maneno yameisha."

Akacheka hadi akashika nguzo. "Zuhura! Njoo umsikie huyu, anataka kupanga kwangu kwa mchuzi!" Zuhura, binti yake wa rika langu, akaja, akasikia, akakaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Kisha mama akatulia. "Sikiliza, baba. Aliyekaa humo kabla yako alilipa mwezi mmoja, akanihama usiku pamoja na mlango. Mlango! Kwenu wanamjua baba yako na babu yako. Mimi nakujua tangu saa nne. Nakungoja mpaka kesho jioni. Usipokuja, kuna fundi baiskeli anakitaka."

Nikakunja mkeka. Njia ya kurudi ilikuwa ileile, ila sasa sikuwa na abiria wa kumlaumu.

Jioni, Kasokola. Baba alikuwa zizini. Nikamweleza kila kitu, hata habari ya paja. Hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi.

"Alikuwa mtamu?" akauliza.

"Sana, baba."

"Haya. Kesho utamswaga mbuzi hadi mnadani mwenyewe, na utamshika kamba wakati watu wanampapasa. Ujue chumba kinatoka wapi."

Jumapili nilimshika. Mnunuzi alimfungua mdomo, akamhesabu meno, akanung'unikia bei, na mimi mwanadiplomasia nikashika kamba mpaka akalipa. Kabla ya magharibi nilimhesabia Mama Zuhura elfu sita, nikanunua na kufuli. Akanipa mkono: "Sasa tunajuana."

Nimejifunza hivi: mjini unalipia kwanza miezi ambayo hujaiishi, kwa sababu huko jina la baba halijafika. Pesa ndiyo inatangulia kukutambulisha.

Jumatatu mwalimu akafungua daftari. "Wewe wa Kasokola, unakaa wapi?"

"Makanyagio, mwalimu. Nimepanga."

Akaandika. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakaa chini nikanyamaza.