Waigizaji Wenye Mikia

Dada yangu mkubwa hufinyanga na kuchora vyungu huko Thika. Kimoja, cha mtindo wa Kigiriki, alikiacha kwangu Gatongora kwa sababu moja tu: mimi sitoki nyumbani. Kazi ya kuketi karibu na chungu nimeisomea hadi kidato cha nne.

Alikichora wiki tatu, akiiga picha ya kale, kwa ajili ya mwalimu wa maigizo wa Juja aliyekitaka kesho yake. Katikati alikuwa mungu wao wa divai. Kando yake, waigizaji wakijiandaa kuingia jukwaani: wamevaa kaptura za manyoya ya mbuzi zenye mikia, kila mmoja na kinyago chake mkononi. Dada alinieleza haya mara mbili, akanionya kwamba rangi haijachomwa, kwa hiyo bado inafutika.

Siku hiyohiyo Mama alikuja kunitembelea, akakiona chungu, hakuketi. "Ngai! Huyu ameshika kichwa cha nani?"

Neno moja lingetosha: kinyago. Lakini mimi nikipata mgeni lazima nijifurahishe. "Cha jirani aliyeingia bila kubisha hodi."

"Na hii mikia?"

"Hiyo huota wakishashiba, Mama."

Nikacheka peke yangu, nikaenda kununua maziwa. Duka ni mlango wa tatu, ila mimi na mwenye duka tuna maneno mengi. Niliporudi, Mama alikuwa amekilaza chungu kwenye karai, anaimba wimbo wa kanisa, anakisugua kwa waya ya kuoshea sufuria. Mikia ilikuwa imeisha. Vichwa vya mkononi, vimeisha. Mungu wa divai alibaki magoti.

"Nimeyafuta mashetani, nimekusafishia nyumba, baba," akasema.

Jioni dada akaja kukichukua. Alikizungusha polepole, kisha akaniuliza, "Ulimwambia Mama hawa ni akina nani?"

"Nilimwambia ni waigizaji."

Akamgeukia Mama. "Sasa Mama, kama uliambiwa, mbona tena..."

Mama aliniangalia kidogo tu. "Labda sikusikia vizuri," akasema. "Masikio yangu yamezeeka."

Yule mama husikia chai ikifurika jikoni akiwa nje anaanika nguo. Lakini tangu siku hiyo dada humpigia simu kwa kelele, neno moja moja, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Wajukuu nao wameiga. Mama huitikia taratibu, "Ndiyo, mami, nasikia." Sentensi moja yangu ingewanyamazisha wote. Mpaka leo sijaisema.